Jino linapouma usiku

Ndugu mfanyakazi, na wewe mama wa nyumba, jambo hili munalijua.

Mchana jino lilichoma kidogo tu, wakati ulipokunywa maji ya baridi. Ulisema: litapita. Jioni ulikula bukari kwa upande mmoja wa kinywa. Kisha, katikati ya usiku, watu wote wamelala, jino linaanza kupiga sawa nyundo. Linapiga pamoja na moyo. Maumivu yanapanda mpaka sikioni. Unaamka, unatembea ndani ya nyumba, umeshika shavu. Bibi yako anaamka vilevile. Na kesho uko posti ya asubuhi, kwenye usukani wa kamio kubwa ao karibu na mkanda unaozunguka.

Wakati ule ndipo kila mtu anakuletea dawa yake. Jirani analeta lutuku. Shemeji anasema tia chumvi. Mwingine anakumbuka mzee mmoja aliyemimina asidi ya batri katika jino, na jino likanyamaza. Ukurasa wetu wa leo ni juu ya usiku ule. Tutasema dawa gani ni nzuri, gani haina faida, na gani inaweza kuleta kilio nyumbani. Tena tutasema neno moja ambalo wengi hawalijui: siku jino bovu linapoacha kuuma lenyewe, bila kutunzwa, ndiyo siku ya kuliogopa zaidi.

KITU GANI KINAUMA?

Wazee wetu wengi walifikiri kuna mdudu ndani ya jino, na mpaka leo kuna watu wanaouza moshi na majani ya kumtoa. Hakuna mdudu. Jino kwa nje ni ngumu kupita mfupa, lakini ndani yake kuna chumba kidogo chenye nyama laini, damu na mishipa. Kinywani muna mikrobi wasioonekana kwa macho. Wanakula sukari tunayoiacha juu ya meno: sukari ya chai, ya bonbon, ya vinywaji vya chupa. Wakiisha kula wanatoa asidi, na asidi hiyo inatafuna jino polepole, miezi na miezi, mpaka kitundu kinafunguka.

Kitundu kikikaribia kile chumba, baridi na sukari vinachoma. Kikiingia ndani, nyama inavimba. Sasa fikiri: mguu ukivimba, ngozi inatanuka. Nyama ya jino imefungwa ndani ya ukuta mgumu, haina pahali pa kutanuka. Ndiyo sababu inapiga vile, tena inapiga zaidi ukilala, maana damu inakuja nyingi kichwani.

Ukishika maneno haya, mengine yote utayaelewa. Hakuna dawa ya nyumbani inayoweza kuziba kitundu ao kusafisha kile chumba. Dawa ya nyumbani inakupa usiku mmoja, siku mbili, muda wa kufika kwa munganga. Haina kazi nyingine.

USIKU ULE

Anza na maji. Chemsha maji, uache yapoe mpaka yawe vuguvugu, tia nusu ya kijiko kidogo cha chumvi katika glasi moja. Sukutua upande unaouma, teme, rudia mpaka glasi iishe. Unaweza kufanya hivyo mara nyingi kwa siku, zaidi kisha kula. Chumvi haiponyeshi jino, lakini inasafisha na kutuliza nyama ya meno. Mara nyingine taabu yote ni uzi wa nyama ao ganda la muhindi lililoshikwa kati ya meno mawili, na likitoka unacheka mwenyewe. Pitisha uzi safi kati ya meno, polepole. Tunasema uzi. Waya, sindano, msumari na kijiti cha kiberiti muache pahali pake. Vinatoboa nyama na kusukuma uchafu ndani zaidi.

Kisha vidonge. Parasetamoli inajulikana katika kila nyumba; kidonge cha kawaida ni cha miligramu 500. Mtu mzima mwenye kilo 50 na zaidi anakamata vidonge 2 na maji, kisha anangoja saa 6 mbele ya kukamata vingine. Katika saa 24, usiku na mchana pamoja, asipite vidonge 8. Tunaweka nguvu juu ya hesabu hii kwa sababu mtu anayeumwa jino anasahau kuhesabu: viwili, kisha saa moja viwili tena, kisha vitatu. Parasetamoli nyingi inaua ini. Na ubaya wake ni huu, siku ya kwanza mtu haoni jambo kubwa. Kisha siku chache macho yanageuka manjano, na wakati ule pengine kumekuwa kuchelewa. Kwa hiyo andika saa kwenye karatasi kila mara unapomeza. Angalia vilevile dawa za mafua na za homa ulizo nazo katika nyumba, maana nyingi zina parasetamoli ndani yake, na utameza mara mbili bila kujua. Mtu mwembamba, mtu anayekunywa pombe kila siku, na mwenye ugonjwa wa ini waulize kwanza muguzi; hesabu yao ni ndogo.

Ibuprofeni inasaidia jino vizuri, sababu inapunguza kuvimba. Kidonge 1 cha miligramu 400, pamoja na chakula, mara 3 kwa siku, basi. Lakini si dawa ya kila mtu. Mwenye vidonda vya tumbo, mwenye ugonjwa wa figo ao wa moyo, mwenye pumu na mama mwenye mimba waiache. Na wewe unayetumika karibu na tanuru, unayetoka jasho mchana kutwa, ujue kwamba ibuprofeni katika mwili uliokauka inaumiza figo. Ukiimeza, kunywa maji mengi.

Aspirini usimpe mtoto hata kidogo, wala kijana asiyefikisha miaka 16. Mtu mzima vilevile heri aiache siku hizo, kwa kuwa inachelewesha damu kukauka, na pengine kesho utang'olewa jino.

Sasa karafuu. Hii ni dawa ya wazee ambayo waganga wenyewe wameikubali. Mafuta yaliyo ndani ya karafuu yanafisha ganzi nyama ya jino, na waganga wa meno wanayachanganya na unga wa zinki ili kuziba jino kwa muda. Ile harufu unayoisikia ukiingia chumba cha munganga wa meno, ndiyo yenyewe. Weka punje moja karibu na jino linalouma, uiume polepole mpaka inalainika. Kama una mafuta ya karafuu, tone moja juu ya kipande kidogo cha pamba linatosha, na pamba iguse jino tu. Usiiache pale usiku kucha, sababu inachoma nyama. Watoto wadogo usiwape.

Mwisho, baridi. Loanisha kitambaa katika maji ya baridi, kiweke nje ya shavu dakika 10 ao 15, pumzika, rudia. Watu wengi wanapenda kitambaa cha moto, na tunajua kwamba kinafariji. Lakini moto unaita damu, na shavu linaamka limevimba zaidi. Lala na mito miwili, kichwa juu.

DAWA ZINAZOLETA UGONJWA WA PILI

Lutuku kwanza, kwa sababu ndiyo inayokuja mbio. Mtu anaishika kinywani, inachoma nyama ya meno, kisha anaimeza, maana nani anatema lutuku? Baada ya glasi tatu jino linauma vilevile, lakini mtu amelewa, tena amemeza vidonge juu yake. Asubuhi anapanda gari la kazi na pombe kichwani.

Asidi ya batri. Tusifichane, kuna watu wanaoitia. Ni kweli jino linaweza kunyamaza, maana asidi imeua nyama yake. Lakini haikai ndani ya kitundu. Inatiririka juu ya ulimi, kwenye mdomo, kwenye koo. Jino linavunjika vipande, na nyama iliyochomwa inaoza. Yeyote anayetumika na asidi anajua kitu ambacho tone moja linafanya kwenye nguo. Bangili ya mdomo wako ni laini kupita nguo.

Wengine wanaponda kidonge cha aspirini na kukipaka juu ya nyama ya jino. Kidonge kinafanya kazi kikiwa tumboni. Kikikaa juu ya nyama kinaichoma, inageuka nyeupe, na sasa una vidonda viwili.

Kisha kapsuli za sokoni, zile za rangi mbili. Kuna anayemeza moja asubuhi na moja jioni, kuna anayeifungua na kumwaga unga wake katika kitundu. Antibiotiki haziondoi maumivu ya jino. Munganga anaziandika wakati ugonjwa umetoka jinoni na kuingia mwilini, na siku zote anaziandika pamoja na kazi ya kutoboa ao kung'oa. Kapsuli mbili tatu zinafundisha mikrobi kuzoea dawa, na siku utakapozihitaji kweli hazitakusaidia. Mojawapo, tetrasiklini, inaharibu rangi ya meno ya mtoto maisha yake yote kama inatolewa kwa mtoto chini ya miaka 8 ao kwa mama mwenye mimba.

KESHO KAZINI

Mtu ambaye hakulala kwa ajili ya jino ni sawa na mtu ambaye hakulala kwa ajili ya dansi: macho yake ni mazito na akili yake iko mbali. Tofauti ni kwamba huyu wa jino anafikiri yuko sawa, kwa sababu hakukunywa. Mwambie shefu wa ekipi mbele ya kazi kuanza. Si aibu. Shefu anaweza kukutoa kwenye mashini siku ile na kukutuma dispensari. Hawezi kufanya kitu kama umenyamaza.

Na kama mtu alikupa tramadoli ao dawa yenye kodeini, usiendeshe kitu chochote wala usipande juu. Dawa hizi zinaleta usingizi na kizunguzungu. Zile zinazouzwa kimoja kimoja kando ya njia hakuna ajuaye nguvu yake.

JINO LINAPONYAMAZA

Fikiri juu ya mfanyakazi mmoja. Hatumpi jina, maana pengine ni jirani yako. Jino lake la chini, lile kubwa la nyuma, liliuma usiku tatu. Alimeza vidonge, alisukutua chumvi, bibi yake alimsihi aende kwa munganga. Siku ya nne akaamka, hakuna maumivu. Furaha! Akarudi kazini, akasema dawa ya chumvi ni nguvu.

Chumvi haikufanya kitu. Nyama ya ndani ilikufa, na mishipa iliyokufa haiumi. Lakini mikrobi hawakufa. Sasa wana chumba kizima cha nyama iliyooza, na wanatoka kwa chini, kupitia ncha ya mzizi, wanaingia katika mfupa wa taya. Usaha unajikusanya pale. Majuma yanapita, mara nyingine miezi. Pengine kipele kidogo kinatokea juu ya nyama ya jino, kinapasuka, kinatoa maji machungu, kinafunga, kinarudi. Mtu anakizoea. Kisha siku moja, labda mwili umechoka kwa malaria ao kwa baridi, usaha unatafuta njia nyingine.

Ukitoka meno ya juu, unaweza kupanda mpaka chini ya jicho. Ukitoka meno ya chini ya nyuma, unaweza kushuka chini ya ulimi na katika shingo. Munganga mmoja wa Ujerumani, Wilhelm Friedrich von Ludwig, aliuandika ugonjwa huu wa shingo mwaka 1836, na mpaka leo unabeba jina lake. Shingo inakuwa ngumu sawa ubao, ulimi unasukumwa juu, njia ya pumzi inafungwa. Ugonjwa huu unaua mtu mzima mwenye nguvu katika siku chache, na mara nyingi ulianza na jino moja lililonyamaza.

Kwa hiyo jino likinyamaza lenyewe, usifute safari ya munganga.

USINGOJE ASUBUHI

Kuna alama ambazo zikionekana hakuna tena mambo ya chumvi wala karafuu. Unaondoka saa ile ile, hata usiku, hata kwa kuazima gari. Ni kuvimba kunakoshuka chini ya taya na shingoni, ao kunakopanda mpaka jicho linafunga. Ni kinywa kisichofunguka zaidi ya upana wa kidole. Ni mate yanayotiririka kwa sababu mtu hawezi kumeza. Ni sauti iliyobadilika kama mtu mwenye kiazi cha moto kinywani. Ni pumzi nzito. Ni homa kali na kutetemeka pamoja na shavu lililovimba. Mtu wa namna hii usimlaze chali katika gari. Mwache akae, ameinama mbele kidogo.

Tena kuna maumivu ya taya ambayo si ya jino hata kidogo. Kama taya ya chini inauma pamoja na kifua kubanwa, ao mkono wa kushoto, ao inaanza kila unapopanda ngazi na kuisha ukipumzika, hilo ni jambo la moyo. Enda hospitali mbio.

WATOTO NA MAMA

Msiseme jino la utoto litaanguka lenyewe. Mtoto mwenye shavu lililovimba na homa anageuka haraka kupita mtu mzima, saa chache tu. Parasetamoli ya mtoto inapimwa kwa kilo zake, usikate kidonge cha baba kwa macho, uliza dispensari.

Kwa mama mwenye mimba, wengi wanasema angoje mpaka azae. Si kweli. Munganga anaweza kumtunza na hata kumng'oa jino akiwa na mimba, anachohitaji ni kujua tu. Usaha katika mwili wa mama ni hatari zaidi kwake na kwa mtoto kupita sindano ya ganzi.

NENO KWA WALE WANAOTUMIKA NA ASIDI

Kuna wenzetu ambao meno yao yanauma bila sukari. Ni wale wa elektrolizi, kule ambako shaba inatolewa katika mabeseni ya asidi ya sulfuriki kwa nguvu ya umeme. Kazi hiyo inchi yetu inaijua zamani: Shituru kule Likasi, Luilu kule Kolwezi. Katika beseni, hewa ndogo ndogo zinapanda juu, zinapasuka, zinarusha matone membamba ya asidi. Ndiyo ile hewa inayokwaruza koo. Inagusa meno ya mbele, zaidi kwa mtu anayepumua kwa kinywa ao anayesema sana kazini. Polepole meno hayo yanakuwa membamba na mafupi, ncha zinaonekana kama kioo, kisha manjano, na maji ya baridi yanachoma yote kwa mara moja. Jino lililoliwa hivyo halioti tena.

Vaa maski yako, na ile mipira midogo ya plastiki iliyowekwa kuelea juu ya beseni muiache pale, kazi yake ni kuzuia matone. Ukitoka kazini, sukutua kinywa na maji matupu. Usisugue meno saa ile, sababu asidi imeyalainisha na buroshi itayakwangua. Ngoja nusu saa ao zaidi. Na umwambie munganga unatumika wapi, maana akiona meno bila kujua kazi yako atafikiri ni malimau.

FEZA YA MUNGANGA

Tunasikia: "Munganga wa meno ni ghali, heri vidonge." Sheria ya Kazi ya inchi yetu, namba 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002, inasema kwamba mwenye kutoa kazi anapashwa kumtunza mfanyakazi na jamaa yake wakigonjwa, na meno yametajwa ndani yake. Meno ya bandia hayamo, lakini kutoboa, kuziba na kung'oa yamo. Kama unatumika chini ya kompania ndogo iliyopewa kazi na kompania kubwa, basi ni ile ndogo iliyoandika jina lako katika mkataba ndiyo inayopashwa. Uliza katika ofisi ya wafanyakazi karatasi gani inahitajiwa, na uliulize siku ambayo hakuna jino linalouma.

Siku ya kwenda, chukua ile karatasi uliyoandika saa za vidonge. Mwambie munganga kila kitu ulichomeza na ulichokitia jinoni, hata lutuku, hata kama unaona haya. Mwambie kama una sukari katika damu, kama mgandamizo wako wa damu uko juu, kama siku moja kidonda kilikataa kukauka, kama kuna dawa inayokutia upele. Kula kidogo mbele ya kutoka nyumbani. Na usimeze kidonge njiani ili ufike bila maumivu, kisha ushindwe kumwonyesha ni jino gani.